Msimu wa Soboli, Mwaka wa Njugu Haba

14 Oktoba

Helikopta imetushusha kabla ya adhuhuri na kuondoka upesi; rubani hakuzima hata injini. Tumebaki watatu: mimi, kaka yangu Innokenti, na mbwa wake Chalka. Itarudi kutuchukua baada ya Mwaka Mpya, hewa ikiruhusu.

Kibanda kipo. Dubu aling'oa bawaba ya mlango na kulamba kopo la mafuta, basi, mengine yote salama. Kesha (mto mzima humwita hivyo kaka yangu) aliwasha jiko la chuma kabla ya kuvua kofia, akatupia motoni kipande cha mkate na kipande cha mafuta, akaunong'oneza moto maneno yake ya kila mwaka. Halafu akanigeukia: "Haya, Akulya. Moto umekula. Sasa na sisi."

Sijawinda msimu mzima tangu nilipoanza kupika shuleni. Nimekuja kwa sababu mwenziwe wa miaka yote amehamia mjini na magoti yake mabovu, na mtu wa miaka sitini na mitatu haachwi peke yake msituni, hata akiwa ni Kesha. Baba alipokufa ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenifundisha kushika bunduki, kuchuna ngozi, na kusonga unga wa mkate.

Kabla ya giza nilizunguka misonobari ya karibu. Matunda ni machache na mengi ni matupu, hayana njugu ndani. Mwaka wa njugu nyingi soboli, mnyama tunayemwinda kwa ngozi yake, hushiba akatulia kwake. Mwaka kama huu hatulii. Atashuka mabondeni, ataiba, atahama. Nilipomwambia Kesha alisugua mikono. "Mwenye njaa huacha nyayo nyingi," alisema.

15 Oktoba

Kuni. Mgongo unauma.

18 Oktoba

Theluji ya kwanza ya kweli, na asubuhi hiyohiyo nyayo za kwanza.

Soboli hatembei kama mbwa. Huruka, na miguu ya nyuma huangukia palepale ilipokanyaga ya mbele, ndiyo maana nyayo zake huja mbili mbili kama vifungo vya koti. Majira ya baridi huota manyoya hadi chini ya vidole, basi mnyama huyu wa jamaa ya kicheche, asiyefika paka kwa uzito, huacha alama kubwa kumzidi, na theluji haimmezi. Dume huruka mbali na kukanyaga pakubwa. Jike huruka karibu karibu. Mtoto wa hapa kwetu hujua hayo kabla ya kujua kusoma.

Kesha aliinama, akatazama. "Dume," akasema. "Tena la jana. Tuliache."

Nami nikainama. Kingo za nyayo zilikuwa laini bado, punje za theluji zimesimama pembeni hazijaganda. Mruko mfupi, kiganja chembamba. Jike, na amepita alfajiri hii.

Sikusema. Nani mimi wa kumsahihisha Kesha? Lakini Chalka hakunyamaza, alivuta na kulia, mpaka Kesha akacheka: "Haya, bibi mkubwa anataka. Tumfuate." Tulifuata mpaka kwenye mawe ya mporomoko, jike lile likazama kwenye mianya, tukarudi mikono mitupu.

Labda ni mwanga. Asubuhi theluji humetameta, mtu akaona vingine.

24 Oktoba

Si mwanga.

Chalka alimpandisha soboli juu ya mti, mti mfupi, peupe, hakuna jani. Alikuwa dume zuri, kahawia iliyokaribia weusi, na doa la rangi ya siagi kooni. Aliinamisha kichwa na kumfokea mbwa kwa ule mguno wao, kama mtu mzima mwenye hasira aliyefungiwa ndani ya mwili wa paka. Umbali ule mimi ningempiga nikiwa darasa la tatu.

Kesha akapiga, akakosa. Akapiga tena, tawi likavunjika juu kabisa. Mara ya tatu sijui risasi ilikwenda wapi. Soboli alianza kujipanga kurukia mti wa pili, nami nikainua yangu, akaanguka.

"Risasi za mwaka huu ni takataka," alisema Kesha.

"Takataka kweli," nikasema. Zangu zimetoka boksi moja na zake.

Nyumbani nilimtazama akimimina chai. Aliweka ncha ya kidole kwenye ukingo wa kikombe, akamimina mpaka joto lilipokaribia kidole, akaacha. Amefanya hivyo tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni mazoea ya uzee.

25 Oktoba

Upepo. Hatukutoka. Nilishukuru.

29 Oktoba

Makar, mwindaji jirani yetu, amekuja kutoka kwenye msitu wake wa ng'ambo ya bonde. Alileta samaki na mdomo wake.

"Bado hai, mzee Kesha? Nilisikia milio minne wiki iliyopita nikasema, ama kakutana na dubu ama anasherehekea."

"Nilikuwa nawafukuza soboli waje kwako, maana nasikia unalia."

"Mimi silii, mke wangu ndiye analia. Ananiuliza, mbona kila mwaka kofia ya mke wa jirani ni nzuri kuliko yangu?"

Tulicheka mpaka Chalka akabweka. Nilimsindikiza Makar mpaka kwenye skii zake, na huko nje akaacha kucheka. Alikaa akifunga kamba moja muda mrefu mno.

"Akulya, unatembea mbele yake au nyuma?"

"Popote. Kwa nini?"

"Tembea nyuma." Akakaza kamba. "Mwaka jana risasi yake ilipita hapa." Akagusa sikio lake. "Nilikuwa nimekuja kuwinda naye siku moja, tukatengana, akaniona nikisogea. Nadhani aliniona. Sijui alichoona."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Kwamba Kesha haoni? Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii."

"Ukaniacha nije naye, Makar. Ulikuwepo helikopta ilipokuwa inapakia. Ulinibebea gunia!"

"Wewe ni dada yake," akasema. "Nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana umekuja."

Akateleza akaenda zake. Nimemjua tangu utotoni, mtu wa utani na ukarimu. Leo nimemwona ni mwoga. Sasa nami najua, na sijamwambia Kesha neno.

2 Novemba

Nimetembea nyuma.

3 Novemba

Nyuma.

6 Novemba

Theluji nzito. Nimepata mmoja mtegoni, dume. Kesha amemchuna kwa vidole vyake, macho ameyaelekeza dirishani, na ngozi ikatoka bila mkwaruzo. Mikono ile haijazeeka hata siku moja.

9 Novemba

Tuna mwizi. Kila mchana, mbwa akiwa ametoka pamoja na Kesha, anakuja kwenye jukwaa letu la akiba. Ni soboli, jike dogo. Nimemtazama leo kupitia dirisha nikikanda unga. Alipanda nguzo, akachagua samaki aliyeganda mrefu kuliko yeye, akamwangusha chini, kisha akaanza kumburuta kinyumenyume, akipumzika na kutazama huku na huku kama mke mwenza aliyeazima sufuria bila ruhusa. Akamsukumia chini ya mzizi, akafukia theluji kwa pua. Akarudi kuchukua wa pili.

Ningeweza kumpiga pale pale. Mikono ilikuwa na unga.

Mwaka wa njaa wanakula kila kitu, panya chini ya theluji, matunda yaliyokauka mtini, njugu alizozifukia yule ndege mweusi mwenye madoa, ambazo soboli huzinusa chini ya theluji iliyonifika kiunoni. Dume kubwa humwangusha hata paa wa miski aliyezama thelujini. Baridi ikizidi sana hata mmoja hutamwona. Hujikunja shimoni siku nzima, mkia juu ya pua. Mtaalamu mmoja aliyewahi kutembelea shule alituambia kwamba majike hupandwa kiangazi, lakini mbegu husimama tumboni bila kukua majira yote ya baridi, ndogo kama punje ya mchanga, mpaka jua lianze kurudi. Wapishi tulicheka. Leo nilipomtazama yule akiburuta samaki, sikuona cha kuchekesha.

Niliporudi mezani unga ulikuwa umekauka.

12 Novemba

Baridi ya kupasua miti. Miti imelia kama bunduki kutwa, na kila ulipolia mmoja nimeshtuka.

17 Novemba

Nitaandika yote, nikiacha nitaanza kujiambia kwamba hayakutokea.

Asubuhi tuligawana. Kesha na Chalka bondeni, mimi juu kukagua mitego, tukutane kwenye mti mkubwa uliopigwa radi. Nilimaliza mapema. Badala ya kuzunguka nilikata njia kupitia vichaka, kwa sababu nilisikia Chalka akibweka na nikaona uvivu kuzunguka. Kosa hilo ni langu. Nilijua Kesha yuko chini, nilijua nimevaa kofia ya manyoya ya kahawia, na nikashuka hivyo hivyo.

Sikusikia mlio kwanza. Nilisikia gome la mti likinipiga usoni. Kisha mlio. Nikaanguka kifudifudi, mdomo umejaa theluji, na nilichowaza ni kitu cha ajabu, kwamba sikufunika chungu cha supu.

"Chalka!" sauti ya Kesha, ya furaha. "Lete! Lete, mama!"

Chalka akaja mbio. Akanisimamia juu, akanitazama, akatingisha mkia, akanilamba shavu. Nikamwambia kwa kunong'ona, "Nenda." Hakwenda. Nikamrushia theluji, ndipo akaenda, akigeuka geuka.

Sikuinuka upesi. Risasi ilikuwa imeingia kwenye shina la mti, kando ya pale kichwa changu kilipokuwa. Nikatambaa hadi juu, nikazunguka mbali, nikamtokea Kesha kwa nyuma, huku nikikanyaga kwa kelele na kukohoa.

"Umepiga nini?"

"Soboli, kwenye kile kimti. Nilimwona vizuri kabisa. Nimemkosa, na mbwa naye leo ni mpumbavu, karudi mdomo mtupu." Akanigeukia. "Wewe ulikuwa wapi?"

Hapa ndipo ningesema. Neno lilikuwa mdomoni.

"Juu," nikasema. "Kwenye mawe."

"Vizuri."

Gome lilikuwa limenichana. Damu ilinishuka kutoka chini ya jicho hadi kidevuni, ikaganda hapo hapo kwa baridi. Nilisimama mbele yake, karibu kama tunavyokaa mezani. Alikuwa ananitazama usoni, kaka yangu, anatabasamu.

Hakuuliza nimeumia nini.

18 Novemba

Nimesema tumbo linaniuma. Tumeshinda ndani.

19 Novemba

Tumbo.

20 Novemba

Siwezi kuumwa tumbo mpaka Januari. Nimefunga shali nyekundu juu ya kofia. Na nimeanza kuimba.

Naimba nyimbo za harusi, nyimbo za shule, hata wimbo wa kuoshea masufuria tulioutunga jikoni. Kila anapotangulia au tunapotengana naimba, ili ajue nilipo. Leo alisimama, akaegemea fimbo yake.

"Akulya, umekunywa?"

"Nina furaha tu."

"Furaha yako imewahamishia soboli wote kwa Makar. Huko wanapigana vikumbo mlangoni."

23 Novemba

Nimeimba kutwa. Hatukupata kitu.

24 Novemba

Nimeimba.

26 Novemba

Sauti imekauka, sasa nagonga sufuria niliyoining'iniza kiunoni. Kesha amenuna. Mchana alisema kwamba baba angeniona hivi angenirudisha tumboni. Nami nikakasirika, nikamjibu vibaya, kwamba baba hayupo. Naogopa asubuhi, naogopa ninaposikia akivuta komeo la bunduki. Mara nyingine namtazama mgongo akiinama kufunga viatu na namwonea huruma. Mara nyingine namchukia. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa tunaoficha ni wawili.

1 Desemba

Alinisubiri nivue viatu.

"Unaimbia nini, Akulya?"

"Naogopa dubu."

"Dubu amelala tangu Oktoba."

Alikaa, mikono juu ya magoti, uso umeelekea jikoni kwenye joto.

2 Desemba

Hakutoka leo, kasema mguu. Lakini mchana niliporudi kutoka mitegoni skii zake zilikuwa na theluji mbichi.

3 Desemba

Nimeamka kumekucha, kitanda chake kimepoa. Mbwa hayupo, skii hazipo. Bunduki yake ilikuwa juu ya kitanda changu, miguuni pangu, imefunguliwa, haina risasi, na boksi la risasi kando yake.

Nilisimama na kile kitu mikononi. Huku kwetu watu husimulia habari za wazee wa zamani walioondoka kambini wenyewe walipojiona mzigo, wasirudi. Husimuliwa kwa sauti ya chini. Kesha mwenyewe alinisimulia nikiwa mtoto, nikalia, akanipa sukari.

Nje theluji ilikuwa imeanza kuanguka, ile ya taratibu isiyo na upepo, inayofuta kila kitu. Sikunywa chai.

Njia yake ilikuwa bado inasomeka. Nilijisemesha kama mwendawazimu: soma, Akulya, soma, usilie. Chini kabisa palikuwa na nyayo za soboli, mbili mbili, mruko mfupi. Juu ya nyayo zake, za Chalka. Juu ya za Chalka, mistari ya skii. Kwa hiyo mbwa alimfuata soboli, na Kesha alimfuata mbwa. Pembeni mwa skii kulikuwa na vitundu vidogo vingi, vya karibu karibu, mahali alipochoma fimbo kupapasa njia. Mtu anayeona hachomi hivyo.

Soboli alikuwa amefanya mambo yake. Hapa alisimama na kuchimba, panya akaliwa, tone moja la damu. Pale alizama chini ya theluji na kuibukia mbele, kama sindano kwenye kitambaa. Akapanda gogo, akaacha alama yake ya mkojo, akashuka. Na Kesha nyuma. Kwenye gogo lilelile niliona viganja viwili vya mtu, vipana, pale alipojikwaa na kulalia. Nilivua glavu nikaweka mkono wangu ndani ya kiganja kimoja. Kisha nikakimbia.

Njia ilielekea mtoni. Chini ya theluji, juu ya barafu, maji hujitokeza majira haya na hayaonekani. Ukizamisha mguu hapo kwenye baridi hii, huendi mbali. Nilipofika ukingoni niliita mpaka kooni pakawa na ladha ya damu. Hakuna. Lakini mistari ilikuwa imezunguka maji yale, kwa ustadi kabisa, ikafuata ukingo wa chini na kupanda upande wa pili. Chalka alikuwa amemzungusha.

Nikamkuta kwenye mawe ya mporomoko. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wake, kiko mdomoni, amekunjua wavu mzima wa kunasia soboli kuzunguka lundo la mawe, kila kijiti mahali pake, vikengele vimening'inia. Chalka alilala miguuni.

"Umechelewa," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nilidhani utakuja mapema zaidi."

Nilimpiga. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo. Nilimpiga begani kwa ngumi, mara nyingi, na yeye alikaa tu, ameshika kiko kisianguke.

"Basi," akasema. "Basi, mdogo wangu. Utamshtua. Yumo humu, Chalka kasema."

"Kwa nini hukuniambia unakokwenda?"

"Na wewe kwa nini hukuniambia?" Sauti yake haikupanda. "Jana nilirudi pale nilipomkosa yule soboli. Chalka alinipeleka mwenyewe. Nilipapasa mti mpaka nikalipata tundu. Nikasimama kando yake, nikapima kwa mkono. Kimo cha kichwa chako, Akulya."

Theluji ilituangukia. Sikuweza kumtazama.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Miaka miwili, mitatu. Mwanzoni ilikuwa kama kutazama kupitia dirisha lenye barafu. Unasema litayeyuka. Kisha unazoea. Mbwa anaona, mimi nasikia mbwa, nadhani naona." Akagonga kiko kwenye jiwe. "Nilitaka leo nijue kama kuna kazi ninayoifaa bila kuua mtu. Wavu hauhitaji macho."

"Ungefia mtoni."

"Ningekufa nikijua."

Tulikaa. Nilimpa mkate, akala. Baridi ilitupanda kutoka kwenye mawe, nikajibana naye ubavuni kama nilipokuwa mtoto. Ilikuwa bado mchana, mwanga wa kijivu, nami nilikuwa sisikii kitu. Yeye aliinua kidole. "Anasogea. Chini, upande wako." Punde kengele ikalia mara moja, kavu.

Kesha alijitupa juu ya wavu mwili mzima. Sijawahi kumwona mzee akiruka vile. Akambana kwa viganja viwili, na soboli akaunguruma, akapenyeza meno kwenye glavu, na kaka yangu akatukana tusi ambalo sitaliandika.

"Jike," alisema akimpapasa kifua na tumbo kwa kidole gumba. "Mchanga. Ana meno yote, hilo naapa." Akaguna kwa maumivu, nusu anacheka. Kisha akauelekeza uso kwangu, pembeni kidogo ya nilipokuwa. "Haya. Unasemaje?"

"Mimi?"

"Bunduki iko kitandani kwako. Kuanzia leo mwenye msitu ni wewe. Unasemaje?"

Miaka yote alisema yeye na mimi nikafanya. Nilimtazama yule jike, macho meusi, masikio yamelala, moyo unapiga hadi unaonekana juu ya ngozi. Ngozi ilikuwa nzuri. Nikafikiria mwaka huu wa njugu haba, majike yanayohama, na mwaka ujao msitu mtupu ambamo mtu hutembea na mbwa bure.

"Mwachie," nikasema.

Alifungua mikono. Soboli hakukimbia mara moja. Alisimama juu ya jiwe akajitikisa, akatuonyesha meno, ndipo akaenda, mbili mbili, juu ya theluji mpya. Chalka alitutazama kana kwamba sote wawili tumerogwa.

Nilimfunga Kesha mkono kwa shali. Kurudi, alishika ncha ya fimbo yangu na mimi nikatangulia. Njia nzima alinisahihisha mwendo.

4 Desemba

Tumelala mpaka jua.

7 Desemba

Nimetoka peke yangu na Chalka. Madume mawili. Kesha amechuna. Sikuimba, na kimya cha msituni kilinitisha. Nilisimama mara mbili nikigeuka bure.

13 Desemba

Baridi kali. Hakuna nyayo popote, hata moja. Wamejikunja mashimoni, na sisi pia.

21 Desemba

Makar amekuja na sungura na unga. Kabla hajatoa utani wake wa kwanza Kesha akamwambia, "Keti. Mwaka jana risasi yangu ilikupita wapi?"

Makar alicheka. Kisha akaacha. Akanitazama mimi, niliyemsimulia Kesha yote, nikatazama jiko.

"Sikioni," akasema.

"Ukanyamaza mwaka mzima."

"Ningesemaje, mzee? Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia na 'Kesha, wewe kipofu.' Maneno matatu. Wewe ambaye huwezi kufunga mdomo hata ukila samaki!"

Makar alishika kofia yake, akaigeuza geuza, na nikaona machozi yamemlenga mtu mzima yule. Nilikuwa nimemwita mwoga moyoni. Leo nimekumbuka nilivyosimama mbele ya kaka yangu na damu usoni nikasema nilikuwa juu kwenye mawe. Nikammiminia Makar chai, nikamwekea kipande kikubwa cha sungura.

31 Desemba

Ukungu. Tumesherehekea kwa kula kila kilichobaki kitamu.

6 Januari

Hewa mbaya. Helikopta haikuja.

7 Januari

Haikuja.

9 Januari

Tumefika kijijini. Nusu ya watu walikuwa uwanjani, kama kawaida, wanapiga kelele juu ya kelele za injini. Mwenyekiti wa kijiji aliuliza kwa sauti, "Kesha! Msimu vipi?"

"Muulize Akulya," akasema kutoka mlangoni mwa helikopta. "Mimi nimempikia."

Walicheka, wakidhani ni mzaha. Akapapasa ngazi kwa mguu, hakuipata. Akapapasa tena. Kicheko kilikatika. Ndipo akanyoosha mkono mbele ya watu wote, akasema wazi, "Nishike, mdogo wangu," nami nikamshika, tukashuka.

Makar alitubebea magunia hadi nyumbani.

12 Januari

Kesho tunakwenda wilayani, kuna daktari wa macho. Muuguzi wetu amemmulika kwa kurunzi, akasema huenda ni ukungu tu wa jicho, unaoweza kuondolewa, na huenda sivyo, yeye si wa kusema. Nimepanga nguo za Kesha. Amezipangua, kazipanga upya.

Asubuhi nzima ameuliza maswali ya ajabu. Barabara imefunguliwa? Daktari ni mwanamume? Chalka atakula nini? Nilimwambia aketi, anywe chai. Akaketi. Akaweka kidole kwenye ukingo wa kikombe, nikachukua birika, nikammiminia mimi.

"Akulya. Kama akisema haiwezekani, usimwache aniambie yeye. Niambie wewe."

Nilikuwa bado namimina, chai ikafurika hadi mezani.

"Nitakuambia," nikasema.